Utando Usiopinda

Kibibi aliinamia hadubini, lakini machozi yalimzuia kuona. Daktari Mlelwa alimsubiri ajifute, kisha akamweleza taratibu habari za kile kipande cha msuli kilichotolewa pajani mwa binti yake, Raya.

"Kila seli ina utando, mama. Kuna protini ambazo kazi yake ni kuungana juu ya utando huo na kuupinda uingie ndani, mpaka ufanye vijibomba. Amri ya kutembea hupita humo. Protini za Raya zinafika kwenye utando, ila hazishikani. Basi utando haupindi, na amri inaishia mlangoni."

"Nimemkanda kwa mafuta ya nazi tangu mchanga," Kibibi alisema. "Au sikumkanda vya kutosha?"

"Hapana, mama. Hakuna mkono unaofika huko."

"Na dawa?"

Daktari alizima taa ya hadubini. "Tunaitafuta. Bado hatujaipata."

Kibibi alishukuru, akatoka. Raya alikuwa akimngojea nje ya chumba, ameketi kando ya ngazi za kupanda kutokea nje, amevaa viatu vyake vya sikukuu. Mama yake alipoinama kumbeba kama kawaida, Raya aliisukuma mikono yake.

"Niache, mama. Leo napanda mwenyewe."

Akashika ukuta, akavuta pumzi, akaukazia macho mguu wa kulia. Kisigino kiliinuka. Vidole havikubanduka sakafuni. Watu waliokuwa wakishuka walisimama kumpisha, na Kibibi akabaki na mikono hewani, karibu na mgongo wa mtoto, bila kuugusa.