Jani la Sale

Katekista mzee wa Masama, ambaye sasa haoni, aliomba asomewe kitabu cha Padri Valerian, kile kilichompatia udaktari Roma.

Padri akafungua katikati. “Uchaggani, ukipelekewa jani la sale kuombwa msamaha, hukatai. Basi Msalaba ndio sale tunalompelekea Mungu…”

“…naye hakatai,” mzee akamalizia.

Padri akahisi masikio yanawaka. Daftari la mahubiri aliloazima kwa mzee huyu hakulirudisha, wala hakumtaja popote kitabuni.

“Kumbe hata Roma wameliona!” Mzee alicheka kwa furaha. “Miaka yote niliogopa kwamba nafundisha uzushi. Endelea, Baba Padri.”

Nje, hatua tatu tu kutoka mlangoni, uzio wa masale ulikuwa umestawi.

Padri aliutazama, akakohoa, akaendelea kusoma.