Kisiki cha Mshokishoki

Kila msimu Zuhra alimpitishia Bi Mize sahani ya shokishoki juu ya ukuta, naye aliipokea kwa kijicho kidogo, maana mshokishoki wake mwenyewe ulikuwa na maua tu, miaka tisa bila tunda. Mwaka jana akaukata. Kisiki akakifanya kiti cha kupepetea mchele.

Leo Zuhra alikuja na sahani tupu.

“Wangu umechanua, haukushika hata tunda moja,” alisema. “Bwana shamba anasema wako ulikuwa dume, Bi Mize. Ndio uliokuwa ukiuzalisha wangu.”

Bi Mize aliweka ungo chini, akasogea kwenye kisiki, akampisha jirani yake pa kukaa.

Zuhra akabaki amesimama, sahani kifuani.