Gumba la Babu Gundi

Mashine mpya ya kusoma vidole ilitangaza, kwa heshima zote, kwamba Babu Gundi hana kidole gumba.

"Bonyeza tena, mzee," alisema karani wa matajiri walionunua kiwanda cha viatu. "Ukisajiliwa, unahesabika umeajiriwa leo. Hutaki, lango lile pale."

"Leo? Na kiinua mgongo cha miaka yangu yote?"

"Mdai tajiri wa zamani."

"Amdai angani? Si keshapanda ndege!" shemeji wa Babu Gundi alidakia kutoka nyuma, na foleni ikacheka.

Babu Gundi hakucheka. Alikitazama kidole kilicholambwa na msasa wa soli hadi kikawa laini kama sabuni.

"Basi lete cha kushoto," karani alisema.

Cha kushoto kilikuwa kizima. Babu Gundi alikitia mfukoni.

Shemeji yake, aliyeanza kazi kiwandani siku moja naye, alikuwa ameshanyoosha chake.