Swali la Tatu

Mkufunzi alilipigia mstari mara mbili swali la tatu kati ya yale aliyoandika ubaoni, hadi chaki ikakatika. *Msemaji alikuwa amesimama wapi?*

“Hili msilisahau hata mkiamshwa usingizini,” aliwaambia walimu. “Shahidi akisema aliona, muulizeni aliona akiwa wapi. Mtoto akishajua kuuliza hivyo, hadanganywi tena kirahisi.”

Ilikuwa siku ya nne ya mafunzo. Walimu walikuwa wameshiba chakula cha mchana, na wawili wa nyuma walikuwa wanasinzia waziwazi. Somo lenyewe halikuwa la kusinzia. Muhula ujao shule zote zingeanza kufundisha Mwaka wa Malori, mwaka ambao wale walioitwa wakuja walisakwa nyumba hadi nyumba, wakapakiwa, na wachache mno wakarudi. Kwa miaka sitini vitabu vya historia viliuruka mwaka huo kama mtu anavyoruka dimbwi.

“Mficha maradhi?” mkufunzi aliuliza kwa nguvu.

“Kifo humuumbua!” waliitikia, na wale wawili wakazinduka.

Ndipo akamwingiza mama yake.

Alikuwa amembembeleza mwaka mzima. Kisa hiki mama alikisimulia nyumbani tu, vipande vipande, na daktari alikwisha sema bila kuzunguka kwamba moyo wake hautafika mbali. Kama si leo, basi tena. Kinasa sauti kilikuwa tayari mezani. Maneno ya mama yangeingia katika kiongozi cha mwalimu, yasikike madarasani hata yeye akiwa hayupo. Mkufunzi alilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote duniani. Mkufunzi alipokuwa mdogo, kila mwaka siku ya malori ilipofika, mama alikwenda kusimama na wafiwa pale yalipopakiwa, na kwa ajili hiyo watoto shuleni walimwita mkufunzi mbegu ya wakuja. Alirudi nyumbani akilia. Mama alimfuta machozi bila kusema neno. Sasa alitaka watoto wa wale waliomcheka wamsikilize mama yake.

“Shikamoo, bibi,” chumba kizima kilisema.

“Marahaba, wajukuu zangu. Msinikodolee macho hivyo, mimi si mtihani.”

Wakacheka, na baada ya hapo hakuna aliyecheka tena.

Alisimulia kwa sauti ndogo. Kulikuwa na mtoto wa kikuja, miaka minane, aliyekimbiziwa asubuhi nyumba ya jirani. Mke wa jirani alimficha katika kabati la nguo, akatoka kwenda kuwatafuta wazazi wake. Mwanasesere wa yule mtoto hakuenea mle ndani, kwa hiyo akampa binti wa nyumba hiyo amshikie. Walikuwa rika moja na marafiki wa kufa na kuzikana. Binti akalifunga kabati kwa nje kwa komeo, akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

Hakusema “mimi” hata mara moja. Mkufunzi alikuwa amewatayarisha walimu kwa jambo hilo tangu siku ya kwanza. Waathirika wengi husimulia hivyo, aliwaambia, kana kwamba yalimpata mtu mwingine. Msiwasahihishe.

“Wakaingia wanaume watatu na orodha,” mama aliendelea. “Mkubwa wao akachuchumaa mbele ya yule binti. Akamuuliza taratibu, kama mjomba mtu: mwenzako yuko wapi? Na binti alikuwa amelelewa kwamba mkubwa hadanganywi. Mkono wa kulia ulikuwa umemkumbatia mwanasesere. Akainua wa kushoto, akanyoosha kidole.”

Siku zote aliishia hapo, na siku zote mkufunzi alimwachia, kwa kuwa kuna mambo ambayo mtoto hamlazimishi mzazi wake kuyarudia. Walimu walikuwa wameinamisha vichwa. Mkufunzi mwenyewe alikuwa analia, wala hakuona haya.

Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa mwalimu wa hesabu, aliyeletwa kwenye mafunzo kwa sababu tu mwenzake wa historia alikuwa likizo ya uzazi. Siku zote nne alikuwa akiwaomba wenzake radhi kwa ugeni wake.

“Samahani sana, bibi.” Alisimama. “Ni lile swali la tatu. Kabati limefungwa kwa nje, mtoto yumo ndani, gizani. Sasa huo mkono wa kushoto, na huo wa kulia wenye mwanasesere, msemaji aliiona akiwa wapi?”

Mkufunzi akasogea mbele ya mama yake.

“Mwalimu, haya si mahesabu! Unamhoji mtu aliyetolewa kabatini akiwa na miaka minane? Huna hata chembe ya huruma?”

“Nilidhani ndivyo ulivyotufundisha,” mwalimu wa hesabu alisema, akitamani ardhi ipasuke immeze.

“Ndivyo nilivyofundisha, lakini si kwake!”

“Mwache,” mama alisema. “Kama si kwangu, ni kwa nani?”

Mkufunzi alipeleka mkono kukizima kinasa sauti. Mama akatangulia, akakifunika kwa kiganja, taa yake nyekundu ikaendelea kuwaka kati ya vidole.

“Miaka sitini hakuna aliyeniuliza,” alisema.

Hakumtazama mwalimu wa hesabu. Alimtazama mkufunzi, binti yake, kwa macho yaleyale aliyomtazama nayo zamani alipokuwa akimfuta machozi.

“Kabati nililifunga mimi, mwanangu. Nikakaa. Wakaja, wakaniuliza.”