Kuku Aliyeatamia Mayai ya Watu

Kuku alikuwa hodari wa kuatamia, na uhodari huo ndio uliomponza. Alikuwa juu ya mayai yake mwenyewe wakati Bata alipomletea ya kwake. "Dada, nishikie haya, nawahi mtoni." Kanga naye akaleta yake. "Wewe ndiye mama yetu sote!"

Kuku hakujua kukataa. Akajitandaza mpaka mabawa yakamuuma. Kila alipotaka kuinuka akale, walimfokea: "Unataka kutuulia watoto?"

Siku moja aliyatafuta mayai yake mwenyewe. Aliyakuta nje ya kiota, yamesukumwa na ya wageni, yamepoa, yamekuwa viza.

Kuku akasimama.

"Unakwenda wapi?" Bata akapiga kelele. "Huna huruma wewe!"

"Huruma?" Kuku akamkabili. "Wangu wamekufa hapa hapa ubavuni pangu, na hakuna aliyeniuliza hata hali! Tumbo unalo. Atamia mwenyewe!"

Akaenda zake kula, wala hakugeuka nyuma.

Bata, huku akimtukana, akayalalia mayai yake. Punde yakapata joto. Joto hilo alikuwa nalo siku zote.