Vidole Viwili

Kofi la kwanza lilimkuta fundi Mushagalusa amechuchumaa kando ya pikipiki ya mashindano, vidole viwili bado vikipima nafasi chini ya mnyororo.

"Zoba! Mbona munyororo iko nalegea?" Kapiteni wa jeshi, mwenye pikipiki, alifoka. Kule juu, mtaani Kadutu, washindani wenzake walikuwa wameshajipanga kushuka mlima.

"Mon kapiteni, inatakiwa kulegea vidole mbili. Ukiruka ile tuta, ukitua, gurudumu ya nyuma inapanda, munyororo inajikaza yenyewe. Kama haina nafasi inakatika, inakamata gurudumu."

Safari hii ilikuwa ngumi. Mushagalusa alisikia jino likikatika, akalisukuma kwa ulimi hadi shavuni.

"Kaza!"

"Mon kapiteni, ile tuta..."

Buti likamwingia mbavuni.

Fundi akaokota spana. Akakaza, akakaza tena, mpaka mnyororo ukakakamaa kama waya wa gitaa. Akajaribu kupitisha kidole kimoja. Hakikupita.

"Sasa iko muzuri?"

Mushagalusa akatema jino kiganjani, akalifumbata.

"Iko muzuri sana, mon kapiteni. Ukifika kwa tuta, usipunguze mwendo."