Msahafu Pacha

Kila mfungwa wa kambi ya jeshi aliruhusiwa msahafu mmoja, na familia yake ilipewa pacha wake. Alipofungua ukurasa kule, ukurasa uleule ulifunguka nyumbani, na chochote kilichougusa kilitokea kwenye pacha. Kwa miaka mitatu Mwanatumu alisoma hivyo na mumewe, Twalib, kila alasiri.

Jumanne ile ukurasa ulifunguka kwa kishindo. Maji machafu yakatanda juu ya aya, kisha ukajichapa unyayo wa buti. Mwanatumu akaufuta kwa ncha ya kanga. Haukutoka.

Simu ikalia. Alikuwa askari wa ukaguzi wa kila wiki.

"Msahafu uko salama, mama?"

Mwanatumu alimkumbuka jirani yake, Bi Kibibi, aliyelalamika msahafu wa mwanawe mfungwa ulipochafuliwa. Misahafu yote miwili ilichukuliwa kwa uchunguzi, na tangu hapo hajui kama mwanawe yu hai.

"Uko salama, afande."

"Vizuri. Nitaandika hivyo."

Mama mkwe, ambaye macho yake hayakuona tena maandishi, akaja kuketi kando yake.

"Mwanangu amefika wapi leo?"

"Palepale tulipoishia jana, mama."

"Basi nisomee."

Akasoma. Maneno yaliyofunikwa na tope aliyatoa kichwani, kwa sauti yake ya kila siku, na mama mkwe akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha akafika kwenye aya ambayo hakuwa ameihifadhi.

"Mbona umenyamaza?" mama mkwe akauliza, akanyoosha mkono kuupapasa ukurasa.